Kutuliza Darasa Lenye Fujo kwa Motisha na Muda wa Pembeni: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu

Walimu wanaojaribu njia hii hunijia na malalamiko yaleyale: "Nilimtenga, nikampa hadi zawadi, bado anasumbua." Nikiwauliza walivyofanya, karibu wote walianzia mwishoni. Siku ya kwanza walimtoa mtoto pembeni, zawadi ikaja wiki ya pili walipokwisha kukata tamaa. Kilichoharibu kazi ni mpangilio, kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zifuate kwa namba zake.

Maneno mawili tuyaweke sawa kwanza. Kuimarisha ni kumpa mtoto kitu mara tu baada ya tendo, kitu kinachomfanya alirudie tendo hilo. Muda wa pembeni ni dakika chache ambazo mtoto hapati vitu hivyo, huku wenzake wakiendelea kuvipata. Mchukulie mchezaji aliyewekwa benchi: benchi linamuuma kwa sababu mechi inaendelea na yeye anaitazama. Uwanja ukiwa hauna mpira, benchi ni kiti tu.

Mifano yangu ni ya darasa la tatu lenye watoto 70 na zaidi, watatu kwenye dawati moja. Mwenye watoto 30 atafanya haya haya kwa jasho pungufu.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo la kuingia mfukoni, na kalamu.
- Kokoto 20 ndogo.
- Vizibo vya soda 60 hivi, vilivyooshwa na kugongwa kingo ili visikate vidole.
- Chupa za plastiki zinazoonyesha ndani, zilizokatwa shingo, moja kwa kila kundi. Ni muhimu watoto waone vizibo vikipanda.
- Kigoda au kiti kimoja.
- Saa. Simu inafaa kama shule inairuhusu darasani.
- Karatasi moja ya manila.
- Orodha ya zawadi zisizo na gharama.

Orodha hiyo ya mwisho usiitunge peke yako ofisini. Waulize watoto. Utashangaa wanachokitaka: kugawa madaftari, kupiga kengele, kufuta ubao, kutoka wa kwanza kwenda mapumziko, kuanzisha wimbo wa mchakamchaka kesho asubuhi. Kuna mtoto anayefurahia makofi ya darasa zima, na kuna mwingine ambaye makofi hayo yatamfanya atamani kuingia chini ya dawati. Zawadi ni ile inayomvuta mtoto huyo, si ile inayokupendeza wewe.

Kisha mweleze mwalimu mkuu unachotaka kufanya. Usipofanya hivyo, mwalimu wa zamu atapita dirishani, atamwona mtoto amekaa peke yake, na atakuja kukusaidia kwa fimbo.

## Hatua ya 1: Chagua tabia moja, uihesabu siku tano

"Mtukutu", "mkaidi" na "hana adabu" havihesabiki. "Anaondoka kwenye dawati bila ruhusa" inahesabika. "Anamkatiza mwenzake anayesoma" inahesabika. Andika tabia moja kwa maneno ambayo hata mwalimu mgeni akisimama mlangoni angeitambua. Kama kuna kupigana au kurusha vitu, anza na hiyo.

Weka kokoto mfuko wa kushoto. Kila tabia inapotokea, hamishia kokoto moja mfuko wa kulia, bila kusimamisha somo. Kengele ikilia, hesabu na uandike: siku, kipindi, idadi. Siku hizi tano usibadilishe chochote katika ufundishaji wako.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu kumbukumbu ya mwalimu aliyechoka inadanganya. Tabia iliyoshuka kutoka mara 15 hadi mara 8 bado itakuudhi, na bila namba utasema njia imeshindwa, kumbe imefika nusu ya safari.

Utajua umefaulu: una namba tano, na pengine umegundua kwamba fujo nyingi ziko kwenye kipindi kimoja. Mara nyingi ni kile kinachofuata mapumziko, au hesabu.

## Hatua ya 2: Tafuta anachokipata

Chora safu tatu kwenye daftari: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Jaza matukio kumi, kisha usome safu ya tatu peke yake. Ukikuta "darasa lilicheka" na "nilimgombeza", mtoto anatafuta kutazamwa, na kugombezwa nako ni kutazamwa. Ukikuta "nilimtoa nje" na "hakumaliza zoezi", anakimbia kazi.

Hili nililijua kwa aibu. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa na mtoto, tumwite Shabani, aliyepiga dawati kwa rula kila nilipoandika hesabu za kugawanya ubaoni. Nilimtoa nje. Kesho yake tena, na keshokutwa. Wiki ya pili nilichungulia dirishani nikamkuta chini ya mwembe, ana maembe mabichi mapajani na chumvi kwenye kipande cha karatasi. Chumvi ilitoka nyumbani! Mtoto alikuwa anajiandaa kutolewa. Nilichokiita adhabu kilikuwa mshahara, na mlipaji ni mimi.

Kwa mtoto anayekimbia kazi, muda wa pembeni unazidisha tatizo. Mpunguzie kwanza ugumu: mpe maswali matatu badala ya kumi, mweke karibu na mwenzake anayeweza, mfundishe jinsi ya kuomba msaada. Shabani hakujua jedwali la 3, na mimi nilikuwa nimefika kugawanya kwa 6.

Angalizo: kabla ya kumhukumu mtoto kwa tabia, msimamie nyuma umwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka, rudia siku nyingine. Mwambie asome neno ubaoni kutoka alipokaa. Muulize amekula nini asubuhi. Masikio mabovu, macho mabovu na njaa havitibiwi kwa vizibo vya soda.

## Hatua ya 3: Kanuni tatu, zifanyiwe mazoezi

Andika kwenye manila kanuni tatu, zikisema la kufanya:

1. Nyoosha mkono kabla ya kusema.
2. Baki kwenye nafasi yako mpaka upewe ruhusa.
3. Mikono na miguu yako ikae kwako.

"Usipige kelele" haimwambii mtoto afanye nini. Anaweza kuacha kelele akaanza kumfinya jirani, na hajavunja kanuni yoyote.

Kuzibandika hakutoshi. Utafiti uliofanyika Illinois, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1968 ulionyesha kwamba kanuni peke yake hazikubadilisha kitu cha maana. Mabadiliko yalikuja mwalimu alipoanza kusifu mema na kunyamazia makosa. Kwa hiyo fanyeni mazoezi kama ya mpira: "Tuoneshe mtu anayetaka kwenda chooni anafanyaje." Mtoto mmoja anaonyesha, wengine wanasema kama ni sawa. Dakika tano kila asubuhi kwa wiki moja zinatosha.

Utajua umefaulu: ukimshtukiza mtoto yeyote, anakutajia kanuni mbili kati ya tatu na kukuonyesha zinavyofanywa.

## Hatua ya 4: Imarisha, na uimarishe haraka

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo walimu wengi wanaposinyaa. Kaa kwenye hatua hii wiki mbili kamili kabla ya kuigusa ya sita.

Sifa ifuate tendo papo hapo, na ilitaje tendo. "Vizuri sana" inayorushwa hewani haifundishi. Sema hivi:

"Neema, umenyoosha mkono ukasubiri. Asante. Haya, sema."

Au kwa mtoto msumbufu, ambaye dakika hii kwa bahati ametulia: "Shabani, naona umekaa na umeandika namba mbili za kwanza." Basi. Usiongeze "ungekuwa hivi kila siku tusingegombana." Mkia huo unaifuta sifa yote, na kwa watoto wa kwetu, waliozoea kusemwa, mkia ndio wanaousikia.

Mwanzoni imarisha karibu kila mara unapoiona tabia njema. Kwa mtoto unayemlenga, jaribu kumpata akifanya jema kila baada ya dakika tatu au nne, hata kama jema lenyewe ni kushika penseli. Unaona ni kumdekeza? Hesabu mara ngapi kwa kipindi kimoja unalitaja jina lake kwa kumkemea. Dakika hizo tayari unazitumia. Tunazihamisha tu.

Chupa na vizibo. Gawa darasa kwa safu za madawati, kila safu kundi moja lenye chupa yake mbele. Kundi likifuata kanuni, sema sababu na udondoshe kizibo. Ule mlio wa "ti!" ndani ya chupa hufanya kazi kuliko sauti yako. Weka kiwango, mfano vizibo 8 kwa kipindi, na kila kundi litakalokifikia lishinde zawadi kutoka ile orodha. Makundi yote yanaweza kushinda siku moja, na ndiyo raha yake.

Mchezo wa namna hii una historia: mwaka 1969 watafiti waliujaribu kwenye darasa la nne huko Kansas, timu mbili, na mwalimu akaweka alama ubaoni kila kanuni ilipovunjwa. Timu zote mbili ziliweza kushinda kama alama zilikuwa chache. Mimi napendelea kuhesabu mema. Watoto wetu wameshaandikwa vya kutosha kwenye ile karatasi ya monita ya wapiga kelele. Na karatasi hiyo, kwa wiki hizi, iweke kando kabisa: aliyeandikwa mara nane anakuwa nyota wa darasa, na monita anapata adui njiani kurudi nyumbani.

Maangalizo matatu:

- Kizibo kilichopatikana hakinyang'anywi. Ukianza kuvitoa, watoto wataona chupa ni mtego.
- Usitoe pesa, wala pipi kila siku. Mfuko wako utaisha kabla ya muhula, na wazazi watauliza.
- Usiahidi usichoweza. Ukisema hadithi ya dakika tano saa sita, saa sita isome, hata mvua ikinyesha juu ya bati.

Utajua umefaulu: watoto wanaambiana wenyewe "kaa, tupate kizibo." Na mwalimu unatoka kipindini bila sauti kukauka.

## Hatua ya 5: Yanyamazie madogo

Kuna makosa yanayoishi kwa kutazamwa tu: kugunaguna, kuimba chinichini, kuangusha penseli mara ya tano. Usitazame, usiheme kwa hasira, usimsogelee. Msifu jirani yake anayefanya kazi, na mara mhusika atakapoigusa kalamu, mgeukie umsifu yeye.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa wengi huachia usukani: ukianza kunyamazia, huenda tabia ikapanda kabla ya kushuka. Mtoto aliyekuwa akigonga dawati ili umtazame, usipomtazama anaweza kugonga kwa nguvu zaidi. Ni kama mtu anayepiga hodi mlango usiofunguliwa: hodi ya tatu ina sauti kubwa kuliko ya kwanza. Ukigeuka kwenye hodi hiyo kubwa, umemfundisha kwamba lazima agonge kwa nguvu. Jipe siku kadhaa za kuvumilia. Kama unajua huwezi, tabia hiyo usianze kuinyamazia.

Kinachoumiza mtu, kuharibu mali au kudhalilisha mwenzake hakinyamaziwi kamwe. Hicho ni cha hatua inayofuata.

## Hatua ya 6: Muda wa pembeni

Chagua tabia moja au mbili tu za kupelekea hapa: kupiga, kurusha vitu, kutukana. Ukiipeleka kila kelele pembeni, kigoda kitakuwa na foleni.

Mahali. Weka kigoda mbele upande, au nyuma karibu na ukuta, pale unapomwona mtoto na yeye analisikia somo. Kisiwe nje. Kisiwe stoo, wala ofisi ya walimu ambako atapitiwa na kila anayetaka kumsuta. Kupiga magoti, kusimama juani, kutazama ukuta, kuinua mikono: yote hayo ni mateso, na anayeyafanya asiseme anatumia njia hii.

Wafundishe wote mapema. Siku ambayo hakuna kosa, waeleze na waonyeshe. Mtoto mtulivu akae kigodani dakika moja ya mfano. Asiwe yule msumbufu. Watacheka, ni sawa.

Maneno. Yawe machache na sauti ya kawaida. Ilivyo darasani ni hivi:

Chaki inaruka, inampata mtoto shingoni. Mwalimu anamsogelea aliyerusha, anainama kidogo.

"Umerusha chaki. Nenda pembeni, dakika tatu."

"Ticha, yeye ndiye kaanza!"

"Dakika tatu." Kisha mwalimu anarudi ubaoni.

Hakuna hotuba, hakuna "mara ngapi nimekwambia." Kila sentensi unayoiongeza ni utazamo unaomlipa, na darasa zima limesimama kutazama sinema. Ugomvi wa nani kaanza utausikiliza baadaye, na uusikilize kweli.

Muda. Dakika tatu hadi tano zinatosha kwa darasa la tatu. Anza kuhesabu akishakaa kimya. Wapo wanaosema dakika moja kwa kila mwaka wa umri, lakini kwa mtoto wa miaka 9 sioni faida ya dakika tisa, zaidi ya somo analokosa. Akiwa pembeni hapati vizibo, haulizwi maswali, haongeleshwi. Kundi lake linaendelea kupata kama kawaida. Usiliadhibu kundi kwa kosa lake, maana watamlipizia njiani.

Akikataa kwenda. Usimvute mkono. Sema mara moja: "Ukienda sasa ni dakika tatu. Usipokwenda, dakika hizo utazikaa na mimi mapumziko yakianza." Endelea kufundisha. Mapumziko yakianza, timiza, kwa dakika hizo hizo tatu na uso wa kawaida.

Angalizo kubwa: mtoto aliyefiwa karibuni, anayepigwa nyumbani, au anayetetemeka akiachwa peke yake hapelekwi pembeni. Msogeze karibu na meza yako, na umtafute mwalimu wa ushauri. Pia kama mtoto mmoja amekwenda pembeni zaidi ya mara tatu kwa siku, simamisha hatua hii na urudi ya pili. Kuna jambo hukuliona.

Na fimbo je? Kenya imepiga marufuku viboko shuleni tangu mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekaza hapo hapo. Tanzania Bara kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mkono wa mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kwa hiyo mwalimu wa darasa anayeingia na fimbo kwapani kila kipindi, pande zote mbili za mpaka, anavunja taratibu. Ila sababu yangu mimi ni ya kiufundi zaidi: darasa linalomwogopa mwalimu si mahali ambapo mtoto anaumia kukosa dakika tatu. Ukichanganya fimbo na kigoda, kigoda kinakufa.

## Hatua ya 7: Mrudishe vizuri

Dakika zikiisha na ametulia: "Muda umekwisha. Rudi, tuko ukurasa wa 14." Usidai aombe msamaha mbele ya darasa. Zoezi alilolikosa alifanye, ili pembeni pasiwe maficho.

Kisha, ndani ya dakika mbili au tatu, mtafute akifanya jema lolote na umsifu. Walimu wengi hawawezi hili, kwa sababu bado wana kinyongo. Meza kinyongo. Akirudi akakuta uso umekunjwa, hana sababu ya kutaka kurudi.

## Hatua ya 8: Hesabu tena, kisha punguza polepole

Baada ya wiki mbili za hatua ya sita, chukua kokoto uhesabu siku tano nyingine kwa tabia ile ile. Linganisha. Angalia pia idadi ya safari za kigodani. Zikipungua wiki hadi wiki, njia inafanya kazi. Zikibaki pale pale, kigoda kimekuwa mazoea na hakina uzito tena; pengine hatua ya nne imelegea. Mara tisa kati ya kumi ninapoitwa kutazama darasa "lililoshindikana", nakuta chupa zina vumbi.

Mambo yakitulia, usikate zawadi kwa mpigo. Toa kizibo baada ya mema mawili, kisha matatu, kisha kwa kushtukiza. Mvuvi hapati samaki kila anapotupa ndoana, na ndiyo maana hachoki kutupa. Sifa ya mdomo ibaki, haina gharama.

## Pale mnapokwama

Mzazi anasema "nyama yako, mifupa yangu, mchape tu." Usibishane naye kuhusu malezi. Mwonyeshe daftari: wiki ya kwanza mara 14 kwa siku, wiki ya tano mara 5. Halafu muombe afanye kitu kimoja, amsifu mtoto jioni ukimtumia ujumbe kwamba leo ametulia.

Watano wanafanya fujo kwa pamoja. Hapo kigoda hakifai. Simamisha kazi, subiri kimya nusu dakika, dondosha kizibo kwenye chupa ya safu ya kwanza kutulia. Kisha jiulize kama zoezi lilikuwa refu mno.

Mtoto anaomba kwenda pembeni. Mruhusu dakika mbili. Wengine wamegundua kwamba wanahitaji kupoa kabla hawajalipuka. Akiomba kila hesabu ikianza, basi umempata Shabani wako.

Kwako ametulia, kwa mwalimu wa Kiingereza ni moto. Ni kawaida. Tabia hukaa pale inapolipwa. Mwachie mwenzako ile manila na chupa zikiwa palepale, mwonyeshe kipindi kimoja, na umwandikie kwenye kipande cha karatasi yale maneno machache: kosa, pembeni, dakika tatu.

Mwaka ukiisha, daftari lile la mfukoni usilitupe. Mkabidhi mwalimu atakayelipokea darasa Januari, pamoja na vizibo.